Che Guevara, daktari wa mzio aliyezunguka dunia na pumu kifuani

Sura yake huwezi kuikosa ukipita stendi ya Masasi. Iko kwenye madigadi ya bodaboda, iko kwenye fulana za mitumba, iko kwenye kioo cha nyuma cha daladala: mwanamume mwenye ndevu chache, nywele ndefu na kofia yenye nyota, anaangalia mbali. Ukimuuliza kijana aliyebandika stika hiyo atakwambia ni Che Guevara, mpigania uhuru. Akijitahidi ataongeza kuwa alikuwa Mkuba, na hapo atakuwa amekosea, maana Che alizaliwa Ajentina. Lakini wachache sana wanajua kwamba mtu huyu alikuwa mgonjwa wa pumu tangu hajafikisha miaka miwili, kwamba alisomea udaktari na kufanya utafiti wa mzio, na kwamba mwaka 1965 alipita katika nchi yetu akitumia jina la Kiswahili.

Tumeamua kuyasimulia maisha yake kwa kufuata kifua chake, bunduki tuwaachie wengine. Sababu ni ya hapa hapa nyumbani. Kila inapofika miezi ya kupulizia mikorosho salfa dhidi ya ubwiriunga, vumbi la njano linapotanda mashambani kutoka huku kwetu Mkomaindo hadi Newala juu ya uwanda wa Makonde, tunapokea ujumbe wa wasikilizaji wenye swali lile lile kwa maneno tofauti: pampu ya pumu inafanya nini hasa, na je, ni kweli ukishaizoea huwezi kuachana nayo? Kuna namna nyingi za kulijibu swali hilo. Tumeona tumjibie kwa maisha ya mtu ambaye alikuwa na nusu tu ya dawa tulizonazo leo.

Ernesto Guevara de la Serna alizaliwa Rosario, Ajentina, tarehe 14 Juni 1928. Mei 1930, siku ya baridi, mama yake Celia alikwenda naye kuogelea mtoni. Usiku ule mtoto akaanza kukohoa na kifua chake kutoa mlio kama filimbi. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza, na haikuisha tena hadi alipokufa. Inasemekana baba alimlaumu mama kwa miaka mingi kwa sababu ya siku ile, jambo ambalo halikuwa haki hata kidogo, kwa kuwa maji ya baridi hayamletei mtu pumu. Baridi huweza kuamsha shambulio kwa mtoto ambaye tayari ana mwelekeo huo katika damu ya ukoo. Kina mama wengi hapa kwetu wanabebeshwa lawama ya namna hiyo, eti ulimwogesha mtoto alfajiri, eti ulimtoa nje na umande. Tungependa lawama hiyo iishie hapa.

Wazazi wake walijaribu kila kitu. Walimbadilishia chakula, walimchemshia majani, walimlaza na mifuko ya mchanga wa moto, na husimuliwa kwamba waliwahi hata kumwekea paka kitandani baada ya mtu kuwaambia kuwa paka huvuta ugonjwa. Kwa mtoto mwenye pumu, kulala na paka ni sawa na kuzima moto kwa mafuta ya taa, lakini ndivyo wazazi waliokata tamaa wanavyofanya popote duniani. Mwishowe wakasikiliza ushauri wa daktari, wakahama kabisa, wakaenda kuishi Alta Gracia, mji mdogo wenye hewa kavu katika milima ya mkoa wa Córdoba. Familia nzima ikahamisha maisha yake kwa ajili ya mapafu ya mtoto mmoja. Shule alichelewa kuanza. Mama yake ndiye aliyemfundisha kusoma nyumbani, na siku ambazo hakuweza kuinuka kitandani alikuwa anameza vitabu.

Hapa inafaa tueleze kinachotokea ndani ya kifua, maana bila hilo mambo mengine hayataeleweka.

Hewa tunayovuta hupita kwenye bomba kubwa la koo, kisha kwenye mirija inayogawanyika kama matawi ya mkorosho, inazidi kuwa midogo hadi kufika ndani kabisa ya mapafu. Kila mrija umezungukwa na msuli mwembamba, na ndani umepakwa ngozi laini yenye ute. Kwa mtu mwenye pumu, ngozi ile ya ndani imevimba na iko macho wakati wote, hata siku ambazo yeye mwenyewe anajiona mzima. Inapoguswa na kitu isichokipenda, iwe vumbi, moshi wa kuni, chavua ya maua, manyoya, mafua au hewa ya baridi, mambo matatu hutokea kwa pamoja: msuli unabana, ngozi inazidi kuvimba, na ute unaongezeka na kuwa mzito. Njia iliyokuwa pana kama mrija wa baiskeli inakuwa nyembamba kama mrija wa kunywea soda. Hewa inaingia kwa taabu na inatoka kwa taabu zaidi. Ule mlio wa filimbi ni hewa inayolazimisha kupita.

Kwa hiyo matatizo ni mawili. Kuna msuli uliobana sasa hivi, na kuna uvimbe uliokaa siku zote. Kila moja lina dawa yake. Tunaomba msomaji aliweke hilo akilini tunapoendelea, kwa sababu Che aliishi maisha yake karibu yote akitibu lile la kwanza tu.

Dawa ya kwanza ya kisasa ya kufungua msuli ilikuwa adrenalini, ile ile ambayo mwili wetu hutengeneza wenyewe tunaposhtuka. Mwanzoni mwa karne ya 20 ilitengwa na kutengenezwa viwandani, na kabla Che hajazaliwa madaktari walikuwa tayari wanaidunga kwa wagonjwa wa pumu. Baadaye ikawekwa kwenye kichupa chenye puto la mpira: unabinya puto, dawa inatoka kama ukungu, unaivuta. Hiyo ndiyo pampu aliyokuwa nayo Ernesto ujanani. Alikuwa anacheza raga, mchezo wa kugongana na kukimbia, na rafiki alikuwa anakimbia pembeni ya uwanja akiwa na pampu mkononi. Alipozidiwa alitoka, akavuta, akarudi uwanjani.

Hadithi hiyo inapendwa sana, na sisi pia tunaipenda kwa sababu moja: inaonyesha kuwa mwenye pumu anaweza kucheza. Tunawajua watoto wanaokaa chini ya mwembe wakati wenzao wanacheza mpira, wakati kifua chao kikitibiwa vizuri hakuna cha kuwazuia. Ila ina ubaya wake. Inamfanya mtu aamini kuwa dawa ya pumu ni ushujaa.

Ukweli ni kwamba adrenalini ni dawa yenye fujo. Inafungua msuli wa mirija ya hewa, sawa, lakini haichagui mahali pa kwenda. Inafika na kwenye moyo, moyo unadunda kama ngoma, mikono inatetemeka, na baada ya muda mfupi nguvu yake imekwisha na kifua kinaanza kubana tena. Uvimbe wa ndani haikuushughulikia hata kidogo.

Mwaka 1947 bibi yake mzaa baba aliugua. Ernesto, ambaye alikuwa anafikiria uhandisi, alikaa kitandani kwake zaidi ya wiki mbili akimuuguza hadi akafariki. Baada ya hapo akajiandikisha kusomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Buenos Aires. Jeshi halikumchukua, kifua chake kilimwondolea wajibu huo, kichekesho ambacho yeye mwenyewe alikifurahia. Akiwa chuoni alikwenda kutibiwa kwenye kliniki ya Dakta Salvador Pisani, bingwa wa mzio, na yule daktari alipomwona kijana anauliza maswali kuliko wagonjwa wengine akamfanya msaidizi wake wa utafiti. Jina la Guevara likaanza kuonekana kwenye makala za kitabibu kuhusu mzio, ikiwemo kazi iliyofanywa kwa simbilisi waliochokozwa na chavua ya maua.

Mzio ni nini? Ni pale askari wa mwili wanapomkamata mtu asiye na kosa. Chavua ya maua, vumbi la nyumbani au karanga si adui, lakini mwili wa mwenye mzio unaviona kama adui, na chembe zake za ulinzi zinamwaga kemikali iitwayo histamini pamoja na nyingine. Puani inaleta chafya na makamasi, kwenye ngozi inaleta vipele vya kuwasha, machoni inaleta wekundu. Dawa za kundi la antihistamini, kama Piriton ambayo kila nyumba inaijua, huziba mlango ambao histamini ingepitia. Zinasaidia sana pua, macho na ngozi. Lakini pumu inaendeshwa na kemikali nyingi zaidi ya histamini, ndiyo maana kumpa mtoto aliyebanwa kifua Piriton na kusubiri apate nafuu ni kupoteza muda ambao pengine hana.

Udaktari aliumaliza mwaka 1953. Kabla ya hapo, mwaka 1952, alikuwa amezunguka Amerika ya Kusini na rafiki yake Alberto Granado, wakianza na pikipiki kuukuu na kumalizia kwa miguu, malori na maboti. Safari hiyo imetengenezewa filamu na imeandikwa sana, nasi tutataja jambo moja tu. Katika kituo cha wagonjwa wa ukoma nchini Peru, alivuka mto Amazon kwa kuogelea. Mtu mwenye pumu, katika mto ule. Mashabiki wake husimulia tukio hilo kwa kujivunia. Daktari yeyote angelisikia angeshika kichwa.

Alipofika Meksiko mwaka 1954 alipata kazi katika kitengo cha mzio cha Hospitali Kuu ya mji mkuu. Huko mwaka 1955 aliandika utafiti wake mwenyewe kuhusu vipimo vya ngozi: unamwekea mgonjwa kiasi kidogo cha kitu kwenye ngozi na kuangalia kama panavimba, ili ujue chakula gani kinamsumbua. Kipimo cha namna hiyo kinatumika hadi leo. Alikuwa njiani kuwa daktari bingwa wa ugonjwa wake mwenyewe. Mwaka huo huo, mwezi wa Julai, akakutana na Fidel Castro, na njia ikabadilika.

Usiku wa tarehe 25 Novemba 1956 watu 82 walijazana kwenye boti ya Granma, boti ambayo haikutengenezwa kubeba hata theluthi yao, wakaelekea Kuba. Yeye alikuwa daktari wa kundi. Kwa haraka ya kuondoka hakuwa na dawa yake ya pumu, na baharini ikamshika vibaya. Siku chache baada ya kushuka pwani, tarehe 5 Desemba, jeshi la serikali liliwavamia mahali paitwapo Alegría de Pío. Katika kukimbia, mbele yake kulikuwa na begi la dawa na sanduku la risasi, na hakuweza kubeba vyote viwili. Alichukua risasi. Watu wengi wanaona hapo ndipo daktari alipokufa na mpiganaji akazaliwa. Sisi tunaona jambo la kawaida zaidi: mwenye pumu aliyeacha dawa nyuma, na hakukaa muda mrefu kabla ya kuzilipia.

Mapema mwaka 1957, katika milima ya Sierra Maestra, shambulio lilimwangusha kabisa. Wenzake walilazimika kuendelea bila yeye. Alibaki na mpiganaji mmoja, na mkulima mmoja mwenyeji akatumwa kwa siri mjini kutafuta adrenalini. Ilipopatikana, ilikuwa kidogo. Kwa siku kumi alijikongoja mti hadi mti akiegemea bunduki kama bakora. Baadaye dawa ilipokosekana kabisa alivuta moshi wa majani makavu ya mmea ambao wenyeji wa milima ile wanauita klarini, wenye maua yanayofanana na tarumbeta.

Mmea ule ni wa jamii ya mranaha, na ndugu zake wanaota hata huku pwani. Wazee wa sehemu nyingi za dunia, kuanzia India hadi Ulaya, wamewahi kuvuta moshi wake kwa ajili ya kifua, na hawakuwa wajinga. Ndani yake mna atropini na kemikali zinazofanana nayo, ambazo hulegeza msuli wa mirija ya hewa kwa njia nyingine tofauti na adrenalini: badala ya kuugonga mlango wa kufungua, zinakata waya unaoleta amri ya kubana. Wanasayansi walifuata nyayo hizo hizo wakatengeneza ipratropiamu, dawa ya kuvuta inayotumika hospitalini leo kwa wagonjwa waliobanwa sana. Tofauti ni kipimo. Mranaha una sumu, na kiasi kinachofungua kifua kiko karibu mno na kiasi kinachompa mtu wazimu wa muda, kumkausha mate na kumuua. Tafadhali, asije mtu akaufuata mfano huu.

Kuba iliangukia mikononi mwa wapiganaji Januari 1959. Che akawa mkuu wa benki ya taifa, kisha waziri wa viwanda. Wapo wanaomkumbuka miaka hiyo kwa kazi za kujitolea alizofanya mwenyewe kwenye mashamba ya miwa, na wapo wanaomkumbuka kwa watu waliopigwa risasi kwa amri yake katika ngome ya La Cabaña. Yote mawili yalitokea. Kifua chake hakikupona kwa ushindi. Alivuta sigara kubwa za Kuba akijua vizuri madhara yake, na husimuliwa kwamba daktari wake alipomruhusu moja tu kwa siku, akaitafuta iliyo ndefu kupita zote. Mpaka leo tunao wagonjwa wa aina hii, na wengi ni watu wazuri wa kupiga nao soga.

Alikuwa pia akichomwa kotisoni. Hapa tunaingia kwenye kundi la pili la dawa, lile linaloshughulika na uvimbe. Kotisoni na ndugu zake, wanaoitwa steroidi, huwaamuru askari wa mwili waliochachamaa warudi kambini. Ngozi ya ndani ya mirija inanywea, ute unapungua, na mirija haishtuki tena kwa kila vumbi. Zilipoanza kutumika kwa pumu mnamo miaka ya 1950 zilionekana kama muujiza. Shida ni kwamba wakati huo zilitolewa kwa vidonge na sindano, kwa hiyo zilizunguka mwili mzima. Ukizitumia kwa muda mrefu uso unavimba na kuwa wa mviringo, mifupa inadhoofika, sukari inapanda. Ndiyo maana katika baadhi ya picha za miaka ya mwanzo ya 1960 utamwona Che amefura uso. Wengine walidhani amenenepa kwa raha za madaraka. Ilikuwa dawa.

Februari 1965 alikuja Dar es Salaam kwa ziara ya wazi. Alikutana na viongozi wa vyama vya ukombozi vilivyokuwa na ofisi huko, wakiwemo FRELIMO, ambao kambi yao kubwa ilikuja kuwa Nachingwea, jirani zetu hapa. Aprili akarudi tena, safari hii kwa siri, amenyoa ndevu na kubadili sura. Kundi la Wakuba liligawana majina kutoka kwenye tarakimu za Kiswahili. Mkuu wao kwa jina, Víctor Dreke, akawa Moja. José María Martínez Tamayo akawa Mbili. Che akawa Tatu. Walisafiri kwa gari hadi Kigoma, wakavuka Ziwa Tanganyika usiku, na tarehe 24 Aprili wakafika Kibamba upande wa Kongo. Wenyeji waliambiwa kuwa huyu Tatu ni mganga na mkalimani. Kiswahili alifundishwa na kijana wa Kikongo aliyeitwa Freddy Ilanga, ambaye baadaye alikwenda Kuba na yeye mwenyewe akawa daktari.

Miezi saba ya Kongo ilikuwa ya kushindwa kila upande, na kisiasa tunawaachia wanahistoria. Kiafya, alishikwa na malaria, akashikwa na kuhara, na pumu haikumwacha katika milima ile yenye ukungu na moshi wa vibanda. Alikonda sana. Wanakijiji walikuja kwake wakitafuta dawa, naye akawatibu, daktari ambaye mara nyingine alipumua kwa shida kuliko wagonjwa wake. Tarehe 21 Novemba 1965 alivuka ziwa kurudi Kigoma. Miezi iliyofuata alijificha katika ubalozi wa Kuba Dar es Salaam, chumbani juu, akiandika kumbukumbu za kushindwa kule. Mapema mwaka 1966 akaondoka Tanzania.

Bolivia ndiko mwisho wake ulikokuwa, na huko kifua chake kilishiriki kuamua mambo kuliko vitabu vingi vinavyokiri.

Aliingia nchini humo Novemba 1966 na kujenga kambi msituni, eneo la Ñancahuazú. Dawa zake za pumu zilifichwa kwenye mapango pamoja na nyaraka. Jeshi lilipowabana, kundi likasukumwa mbali na mapango hayo. Kufikia Juni 1967 akiba aliyobeba ilikuwa inakwisha. Alijaribu kujidunga adrenalini dhaifu iliyokuwa imetengenezwa kuwa dawa ya macho. Tarehe 6 Julai wapiganaji wake waliuteka kwa saa chache mji wa Samaipata, na moja ya shabaha za hatari ile ilikuwa duka la dawa. Walirudi na vitu vingine. Dawa aliyoihitaji haikuwemo. Mwanzoni mwa Agosti sindano ya mwisho ikaisha, vikabaki vidonge vya kama siku kumi. Hakuweza tena kutembea mwendo mrefu, alipanda mnyama. Siku moja, kwa hasira ya mtu asiyepata pumzi, akamchoma kisu shingoni farasi jike aliyempanda kwa sababu alikuwa anakwenda polepole, kisha jioni akawakusanya wenzake na kukiri mbele yao kwamba ameshindwa kujitawala.

Aliwatuma watu warudi mapangoni kuchukua dawa. Tarehe 14 Agosti, usiku, alisikia redioni kwamba jeshi limeyapata mapango. Sisi wa kazi hii hatuwezi kupita hapo bila kusimama kidogo. Mtangazaji fulani alisoma taarifa yake ya habari, akazima maikrofoni akaenda nyumbani, na msituni mgonjwa mmoja akajua kwamba dawa yake haipo tena. Wiki nane baadaye, tarehe 8 Oktoba, alikamatwa bondeni akiwa amejeruhiwa. Siku iliyofuata aliuawa kwa risasi katika shule ya kijiji cha La Higuera. Alikuwa na miaka 39.

Sasa tazama tarehe hizi. Mwaka 1969, miaka miwili tu baada ya kifo chake, salbutamoli iliingia sokoni Uingereza. Ni mtoto wa adrenalini aliyefunzwa adabu: inakwenda zaidi kwenye msuli wa mirija ya hewa na kuusumbua moyo kidogo, inafungua ndani ya dakika chache na nguvu yake inakaa saa nne hadi sita. Ndiyo ile pampu ya bluu. Kisha mwaka 1972 ikaja beklometasoni ya kuvuta, steroidi iliyowekwa ndani ya pampu. Badala ya kuzunguka mwili mzima, kiasi kidogo sana kinatua pale pale kwenye uvimbe. Uso haufuri. Kwa mara ya kwanza mgonjwa wa kawaida aliweza kuituliza pumu yenyewe, siku baada ya siku, bila kulipa gharama aliyolipa Che.

Salbutamoli na steroidi ya kuvuta zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Hata hivyo wengi wa wagonjwa wa pumu tunaowasikia wana ya bluu tu, na wengine hawana hata hiyo, wana vidonge. Wanaponea shambulio, wanaendelea na kazi, wanabanwa tena, wanaponea tena. Hiyo ndiyo pumu ya mwaka 1957 katika mji wa leo. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu hauungi mkono tena kumtibu mtu mzima au kijana kwa ya bluu peke yake. Anahitaji na dawa ya kutuliza uvimbe, yaani steroidi ya kuvuta. Ukijikuta unavuta ya bluu zaidi ya mara mbili kwa wiki, kifua chako kinakuambia kwamba uvimbe haujatulizwa, na hilo ni jambo la kwenda kuzungumza na daktari.

Kuhusu lile swali la kuzoea, steroidi ya kuvuta haimfanyi mtu kuwa teja. Inatumika kila siku kwa sababu uvimbe upo kila siku, kama vile mwenye presha anavyomeza dawa yake akiwa mzima. Haileti nafuu ya papo hapo, inachukua siku hata wiki, na hapo ndipo wengi wanaitupa wakidhani haifanyi kazi. Baada ya kuivuta sukutua mdomo kwa maji uteme, ili usiote utando mweupe mdomoni. Kama mtoto hawezi kuvuta kwa wakati dawa inapofyatuka, chupa safi ya maji ya plastiki ya nusu lita inaweza kutobolewa kitako kwa ukubwa wa mdomo wa pampu. Mtoto anavuta polepole kupitia mdomo wa chupa. Njia hiyo ilipimwa na madaktari wa Cape Town miaka ya 1990 na ikaonekana inafanya kazi. Mwombe muuguzi akuonyeshe kabla ya kujaribu.

Na kama mtu anashindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, midomo inabadilika rangi, mbavu zinaingia ndani anapovuta hewa, au ya bluu haimsaidii tena, usisubiri asubuhi. Mpe ya bluu mara kwa mara mkiwa njiani, mkalishe wima, asilale, na mumpeleke hospitali usiku huo huo. Msimu wa salfa, mwenye pumu akae mbali na shamba linalopuliziwa, na mwenye shamba amwambie jirani mapema siku atakayowasha mashine.